Mama Akimwita Mtoto Mama

Nilifundisha Kiingereza mjini Garissa kwa nusu mwaka usiotimia, na sikumbuki hata siku moja niliyokaa kwenye kile kiti cha mwalimu tangu saa ya kwanza hadi ya mwisho. Nilikuwa mtu wa kusimama. Nikiandika ubaoni nasogea dirishani, nikifika dirishani natazama simu, nikitazama simu narudi ubaoni na kuuliza swali nililokwisha kuuliza. Nilikuwa nangoja barua ya ajira ya serikali, kama walimu wengine wote wa rika langu, na nilikuwa nimejiapiza kwamba ikija naondoka siku hiyohiyo, hata kama nguo zangu bado ziko kwenye kamba.

Nilikuwa nimekuja kwa kaka yangu, muuguzi, aliyepanga nyumba mtaa wa Waberi. Kwetu Mwingi si mbali, ni safari ya asubuhi tu, lakini nilifika nikiwa mgeni kabisa. Sikujua Kisomali zaidi ya salamu, na joto lilinifanya niwe na hasira kuanzia saa nne asubuhi. Wiki ya pili kaka akanichoka.

“Unazunguka kutoka jikoni hadi mlangoni kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga,” aliniambia. “Nenda ukafanye kazi yoyote. Hata ya kujitolea.”

Ndivyo nilivyofika kwa Haji. Darasa lake lilikuwa juu ya duka la mikeka na chupa za chai, chumba kimoja chenye feni moja na ubao uliochoka. Haji alikuwa mzee wa Hadado, kule Wajir, aliyeuza ng'ombe na ngamia miaka mingi hadi kiangazi kimoja kikammaliza, akahamia mjini na kufungua kituo cha lugha.

“Mwalimu, Kiingereza haikufi na jua,” aliniambia siku ya kwanza, mswaki wa mti ukiwa pembeni mwa mdomo. “Haitaki maji, haitaki majani. Wewe fundisha fizuri tu.”

Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, wote watu wazima, wote kutoka nje ya Kenya. Kumi walitoka Somalia na wawili Ethiopia. Haji aliwaita wageni, ingawa wengine walikuwa wameishi Garissa miaka mingi kabla yangu na ndio walionionyesha nyumba yenye maji baridi ya kunywa. Kila mmoja alikuwa na fomu yake mahali fulani, ya chuo, ya kazi, ya kumfuata ndugu. Kila mmoja aliiweka simu mezani ikitazama juu, kama mimi. Chumba kizima kilikuwa kinangoja kuitwa, na mimi nilidhani ninayengoja ni mimi peke yangu.

Tatizo la kwanza lilikuwa P. Kwa Kisomali sauti hiyo haipo, kwa hiyo pole inakuwa bole, na paspoti inakuwa basboti. Nilikata vipande vya karatasi, kila mmoja akashika chake mbele ya midomo. Ukitamka P sawasawa karatasi inaruka, ukitamka B inatulia. Ilibidi tuzime feni, la sivyo karatasi zote zingeruka na kila mtu angedai amefaulu. Basi tukakaa humo saa nane mchana, watu wazima kumi na wawili wanapulizia karatasi huku jasho likiwatiririka, na mimi napita katikati ya viti nikisema tena, tena, tena. Sikuwa na subira hata kidogo. Nilitaka karatasi ziruke wiki ileile.

Tatizo la pili nililileta mwenyewe kutoka Mwingi. Shuleni kwetu, mtoto akisikika anaongea Kikamba alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Nilikichukia kibao kile. Niliwahi kurudi nacho nyumbani nimekificha ndani ya sweta, nikashindwa kula. Sasa mimi huyohuyo, mtu mzima mwenye digrii, nikabuni changu. Nikachukua kifutio cha ubao, nikatangaza kwamba atakayesema neno la Kisomali darasani atawekewa mapajani, na atakaa nacho hadi mwingine ateleze. Niliuona ni mchezo. Kifutio kilijaa chaki, na kikiwekwa juu ya buibui jeusi kiliacha alama nyeupe isiyotoka kwa kupangusa mara moja. Walicheka. Walikuwa na adabu kunishinda, kwa hiyo walicheka.

Aliyekaa na kifutio mara nyingi kuliko wote alikuwa mama mmoja wa safu ya mbele. Alikuwa wa umri wangu, au amenizidi mwaka mmoja. Alivuka mpaka na mtoto mgongoni, akakaa kwanza kwa shangazi yake kijijini Sangailu, kisha akaja mjini. Mtoto huyo sasa alikuwa msichana wa miaka sita, na kwa kuwa mama hakuwa na pa kumwacha, alikuja naye darasani kila siku na kumkalisha kwenye kiti cha kando na penseli mbili.

Mumewe alikuwa ng'ambo tangu mtoto hajaanza kutambaa. Alikuwa amepata makazi huko na kuomba mke na binti wamfuate. Faili lao lilikuwa limefika mbali, yakabaki mahojiano. Shida ilikuwa mtoto. Alizaliwa safarini, katika nyumba ya watu, jirani ndiye aliyemzalisha, na hakuna aliyeandika chochote. Wakili kijana aliyewashughulikia makaratasi alikuwa amemwambia mama waziwazi: afisa atataka kuridhika kwamba mtoto ni wake wa kumzaa. Akiridhika, watakwenda wote wawili. Asiporidhika, mama ataruhusiwa na mtoto atabaki.

“Bila yeye siendi,” aliniambia siku aliyonieleza habari hizi, darasa likiwa limetoka. “Lakini baba yake iko beke yake kule, miaka tano. Mwalimu, nisaidie nibasi.”

Kupasi, alimaanisha, kufaulu. Nikamwekea karatasi mbele ya midomo. Nipasi, nikamwambia. Sema tena.

Mtoto naye hakuwa mwanafunzi wangu, lakini alishika mambo kuliko wote. Kila asubuhi nilianza na zoezi moja la kuchangamsha darasa. Namnyooshea mtu kidole na kuuliza kwa Kiingereza yule ni nani, nao wanajibu. Nikijinyooshea mimi, wanajibu kwamba ni mwalimu. Nikimnyooshea mwenzao, “She is a student,” yule ni mwanafunzi. Siku moja, kwa mzaha, nikamgeukia mtoto, nikamnyooshea mama yake. “Who is she?” Akanitazama kwanza, macho makubwa, akingoja nitikise kichwa kumkubalia. Nilipotikisa akasema kwa sauti, kila neno mahali pake, “She is a student.” Darasa likapiga makofi. Baada ya hapo nilimuuliza kila siku, na kila siku alinitazama kwanza.

Basi tukafika siku ya amri ndogondogo: njoo, simama, kaa. Mtoto alikuwa amepanda juu ya kiti karibu na dirisha. Mama akageuka, akamwambia kwa Kiingereza changu, kwa P na T za kujitahidi, “Mother, please sit down.”

Nikacheka. Nikamuuliza mama ni nani hapa, yeye au huyo wa dirishani. Wenzake hawakucheka, wakanitazama tu. Nikakichukua kifutio, ingawa hakuwa amesema neno la Kisomali, nikamwekea mapajani. Mpaka leo sijui kwa nini.

Alinieleza kwa Kiswahili, bila haraka. “Kwetu, mama naita mtoto hooyo. Hooyo ni mama. Yeye naniita hooyo, mimi namuita hooyo. Baba ni aabo, naye naita mtoto aabo. Dada ya mama ni habaryar, na yeye naita mtoto habaryar. Hiyo jina inaenda, inarudi.” Akamtazama binti yake, kisha akanitazama mimi, amechangamka. “Hata wewe, mwalimu. Yeye akuite habaryar, wewe umuite habaryar.”

“Mwalimu inatosha,” nikasema. “Na hiyo ya kwenda na kurudi, kwa Kiingereza hakuna hiyo.”

Nikaenda ubaoni, nikachora mishale miwili. Huu wa kupanda, mother. Huu wa kushuka, daughter. Nikamwambia afisa akisikia anamwita mtoto mama, atadhani hajui anachosema, au mbaya zaidi, atadhani hajui mtoto ni nani wake. Hapo akaogopa. Nilimwona akiogopa, na nikafurahi, kwa sababu mwanafunzi akiogopa anasoma. Akageuka tena dirishani, akajaribu. “My daughter, sit down.” Mtoto akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

Sote tulicheka safari hii, hata mama. Nikampa kazi ya nyumbani. Kuanzia leo hadi siku ya mahojiano, Kiingereza tu, hata nyumbani, hata na mtoto. Asimwite hooyo hata mara moja. Ulimi uzoee, nikasema. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Wiki hizo zilinitesa kwa namna yake. Barua haikuja. Wenzangu niliosoma nao walianza kuweka picha wakiwa mbele ya mabango ya shule zao mpya, nami nikawa nawapongeza kwa vidole huku moyo unaniwaka. Nilikwenda kazini mapema, nikatoka, nikazunguka soko, nikarudi. Katika hali hiyo mama akaniletea fomu ya wakili. Swali lilikuwa moja: mahojiano yafanywe kwa Kiingereza, au awekewe mkalimani wa Kisomali?

“Wewe unasema nini, mwalimu?”

Nilijua jibu la busara. Mtoto mdogo angelijua. Lakini nilimtazama nikaona kitu kimoja ambacho ningeweza kukimaliza katika mji ule, kitu cha kusema mimi ndiye niliyekifanya. Nikachukua kalamu, nikaweka alama kwenye Kiingereza kwa mkono wangu mwenyewe.

Mahojiano yalikuwa kwa video, katika ofisi ya wakili. Mama aliniomba nije, na wakili akaniruhusu kukaa kiti cha mlangoni, nisionekane kwenye kioo cha kompyuta. Afisa alikuwa mwanamume mwenye miwani, mpole, anayeongea taratibu. Mwanzoni mama alikuwa vizuri sana. Alitaja tarehe, alitaja njia aliyopita, alisema “parents” na hewa ikatoka midomoni kama ninavyotaka. Mimi mlangoni nilikuwa natikisa goti. Mtoto alikuwa amekaa pembeni mwake, mikono mapajani, kimya kuliko nilivyozoea kumwona.

Afisa akaomba mtoto asogee karibu ili amwone. Mama akamgeukia. “My daughter, come here, please,” akasema, P safi kabisa. Mtoto hakusogea. Akarudia. Mtoto akatazama sakafu. Mama akanyoosha mkono, akafungua mdomo kusema jambo lingine, nikaona kabisa neno linakuja na nikaona anavyolimeza. Akasema tena, “My daughter.” Kama mtu anayesoma bango.

Afisa akainama kuelekea kamera, akamtabasamia mtoto. Akamuuliza kwa upole, akimwonyesha mama kwa kidole, “Who is she?”

Mtoto aliinua uso. Swali hilo alilijua. Hakumtazama afisa, wala hakumtazama mama. Alinitafuta mimi mlangoni, macho yale makubwa, akingoja.

Nami nikatikisa kichwa. Naapa sikufikiri. Ni shingo tu iliyozoea.

“She is a student,” mtoto akasema, kwa sauti, kila neno mahali pake.

Afisa aliandika. Mama aligeuka akanitazama, si kwa hasira, bali kama anayeuliza ni ukurasa gani. Wakili akajaribu kueleza, afisa akasema asante, ameshaona ya kutosha kwa leo.

Jibu lilikuja baada ya majuma matatu. Mama amekubaliwa. Uhusiano wake na mtoto haujathibitishwa. Aliniletea karatasi darasani kabla wenzake hawajafika, akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikasoma tena. Nilitaka anipigie kelele. Kwetu mtu akikukosea hivi unamwambia, majirani wanasikia, mnamaliza. Nikamwambia, “Sema kitu. Nitukane.”

Hakunitukana. Mtoto alikuwa kwenye kiti chake cha kando, na penseli hazijaguswa. Mama akasema kwa sauti ya chini, “Nyumbani siku hizi haongei. Nikimuita, haitiki.” Kisha akaniuliza, na aliuliza kweli, kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu: “Sasa nimuite hooyo, ama bado?”

Miezi mitano kasoro alikuwa ananitii kila nilichosema, na sasa alikuwa ananiomba ruhusa ya kumwita mtoto wake. Nilisema ndiyo, mwite, tafadhali mwite. Nikamwambia Haji tumbo linaniuma, nikashuka ngazi.

Nilitembea bila kujua naenda wapi, jua la saa sita likiwa utosini, hadi nikajikuta karibu na daraja la Tana. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo na yalikuwa yanakwenda kwa kasi. Nilikuwa na aibu na nilikuwa na hasira, na kwa muda mrefu nilijaribu kuigawa hasira ile, nyingine kwa afisa, nyingine kwa wakili, nyingine kwa barua yangu isiyokuja. Haikugawanyika. Nikampigia baba simu, kwa sababu nilitaka kusikia mtu ambaye sijamharibia chochote.

Akapokea. “Mwaitu,” akasema, “umekula?”

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Ndivyo baba alivyoniita maisha yangu yote. Mimi ni binti wa kwanza, nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo kwake mimi ni mama yake. Tangu naanza kutembea amekuwa akisema mwaitu njoo, mwaitu umelala, mwaitu nani amekupiga. Nikimwona akinisubiri kwenye geti la shule ya bweni, mzee mzima mwenye kofia, anapaza sauti, “Mwaitu!” na wasichana wa mjini wanacheka, na mimi sioni kinachochekesha. Sikuwahi hata siku moja kugeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

Nilikuwa nayo, hiyo ya kwenda na kurudi. Ilikuwa kwetu pia, miaka yote, na nilisimama mbele ya watu na chaki mkononi nikasema hakuna. Nililia pale kando ya barabara, malori ya ng'ombe yakipita, baba akiuliza mwaitu ni nini, mwaitu ongea.

Jioni ile niliandika barua kwa wakili, aiambatanishe na ombi la mahojiano ya pili. Niliandika kwa Kiingereza, kurasa mbili, na nadhani ndicho Kiingereza bora nilichowahi kuandika. Nilieleza neno hooyo, jinsi linavyokwenda na kurudi. Nilieleza kwamba mimi, mwalimu, ndiye niliyelikataza, na kwamba jibu alilotoa mtoto lilikuwa langu, nililomfundisha kila asubuhi, na ndimi niliyemtikisia kichwa. Niliomba mama awekewe mkalimani na aachwe amwite mtoto wake anavyomwita. Kesho yake nikakitupa kifutio, nikawa nafuta ubao kwa kitambaa.

Ombi likakubaliwa, Jumatano saa nne. Na kwa kuwa mambo yangu hayajawahi kuja kwa wakati, barua ya ajira nayo ikaja juma hilohilo. Shule ya sekondari, upande wa Makueni, niripoti Jumatatu. Niliisoma nikiwa ngazini kwa Haji. Nilikuwa nimeingoja hadi nikakonda, na sasa ilikuwa mkononi na nguo zangu zilikuwa kavu.

“Enda, mwalimu,” Haji akasema. “Rizki ikija usiiambie ngoja.”

Nilimpigia mwalimu mkuu wa huko nikamwambia nitafika Alhamisi. Hakufurahi, na alinikumbusha jambo hilo kwa mwaka mzima.

Jumatano sikuingia ofisini kwa wakili. Sikutaka mtoto anione na kunitafuta kwa macho. Nilikaa nje kwenye ngazi, mgongo ukutani, na nilikaa kweli, bila simu, mikono kati ya magoti. Ndani nilisikia sauti ya mkalimani, kisha ya afisa. Kisha nikasikia sauti ya mama, sauti ambayo darasani kwangu sikuwahi kuisikia, nyepesi, ya mtu aliye nyumbani kwake.

“Hooyo, kaalay.” Njoo.

“Haa, hooyo,” mtoto akaitika, papo hapo. Kiti kikaburutwa, miguu midogo ikakimbia sakafuni. Halafu mtoto akaanza kuongea Kisomali, mfululizo, kama bomba lililozibuliwa, na mkalimani akawa anamwomba apunguze kasi.

Alhamisi nilikuwa Makueni. Jibu lilichukua wiki sita, na wakati huo wote nilifundisha kidato cha pili nikiwa nimesimama dirishani. Walikubaliwa wote wawili. Mama alinitumia picha ya makaratasi, imepinda, kidole chake kimeziba nusu.

Mwaka jana akanitumia ujumbe wa sauti. Ilikuwa mapumziko ya saa nne, niko chumba cha walimu na rundo la madaftari. Kiswahili chake kimekuwa kizito kidogo, Kiingereza chake kimenipita.

“Mwalimu, huyu binti yangu sasa amekuwa mzungu. Jana nje ya shule nimemuita hooyo, wenzake wanasikia. Amekasirika. Anasema usiniite hivyo, kwa Kiingereza hakuna hiyo.” Akacheka, kicheko kirefu, halafu kikaisha kabla ya mahali pake. “Mimi hanisikii. Mwambie wewe. Wewe ndiye mwalimu yake.”

Nilitoka nje. Nilizunguka mlingoti wa bendera mara mbili, nikarekodi, nikafuta, nikarekodi, nikafuta. Maneno yote yaliyokuja yalikuwa ya mwalimu. Kengele ikalia, wanafunzi wakapita wakinitazama. Mwishowe nikakaa kwenye kizingiti cha maabara, nikabonyeza.

“Habaryar,” nikasema, “mimi habaryar wako. Nilikosea. Hilo neno lipo. Mama akikuita, itika.”